Gari Lililovuta Kushoto

Nashona sare za shule mjini Migori. Watu wakisikia kwamba Jumamosi moja kila mwezi mimi huvaa helmeti na kukimbiza gari kwenye uwanja wa kinu cha pamba kilichokufa, nje kidogo ya Homa Bay, huitazama kwanza mikono yangu, kana kwamba wanatafuta ushahidi.

Uwanja wenyewe ndipo malori ya pamba yalipokuwa yakipanga foleni zamani kusubiri mizani. Lami yake imezeeka lakini haijatoboka. Tunapanga koni na magurudumu makuukuu, tunapata mzunguko wenye kona kali na kipande kimoja kirefu kilichonyooka, kisha kila mtu anaingia peke yake na kupimwa kwa saa. Hakuna zawadi. Tuko watu wa kawaida tu: mwalimu wa hesabu, daktari wa mifugo, mwenye hoteli, mimi wa cherehani. Anayetuongoza ni mwanamke mwenye shule ya udereva pale Homa Bay, na sisi sote tunamwita Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyenionyesha kwamba kukimbia ni nusu tu ya kazi. Nilipoanza, nilikuwa nashika breki mapema, kidogo kidogo, mguu umelala juu ya pedali mpaka katikati ya kona, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Unaipika breki yako," aliniambia siku ya kwanza alipoketi kando yangu. "Subiri. Gari likiwa bado limenyooka, kanyaga kwa nguvu, mara moja. Halafu achia polepole kadiri unavyogeuza usukani. Ukimaliza, zunguka mara moja taratibu breki ipoe. Na usivute handibreki gari likiwa na moto. Weka jiwe kwenye gurudumu."

Nilijifunza, na kadiri nilivyojifunza ndivyo breki za kiwandani zilivyonishinda. Baada ya mizunguko michache pedali ililegea kama mkate uliolowa chai. Ndipo nikaamua kubadilisha. Mbele niliweka diski kubwa zaidi pamoja na kalipa zake, vile vibanio vinavyozibana pedi, vyote kutoka gari kubwa la ukoo uleule, na pedi ngumu zinazostahimili joto. Paipu za mpira zikaondoka, zikaja zilizofumwa kwa waya wa chuma. Kwa kuwa diski zilikuwa kubwa, rimu zangu za zamani za bati, zenye vifuniko vya plastiki, hazikuingia tena. Nikatafuta rimu za aloi zenye mianya mipana, ambazo ukichungulia unaiona diski yote ikimeremeta. Nyuma niliacha vilevile, breki za ngoma, zilizofunikwa ndani ya vyungu vyao.

Mama aliliona gari siku lilipotoka gereji. Alikuwa amehamia kwangu tangu Baba alipofariki, akitoka nyumbani kwetu karibu na Asumbi. Alilizunguka polepole, mikono nyuma, akasimama mbele ya gurudumu. "Limekuwa kama meno ya mtu asiye na midomo," akasema, akaingia ndani. Kuhusu mbio zangu hakuwahi kusema neno zaidi ya "Nenda salama, rudi salama." Niliuchukua ukimya ule kuwa ruhusa.

Jumamosi ya kwanza na breki mpya niliondoka asubuhi. Njiani, baada ya Rongo, nilihisi usukani ukivuta kushoto kidogo kila nikishika breki. Nikalaumu barabara. Uwanjani, mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri ajabu. Gari lilisimama kana kwamba limeshikwa mkia. Mzunguko wa pili, moshi. Mzunguko wa tatu, nilipokanyaga mwishoni mwa kipande kilichonyooka, gari likaruka kushoto, likapita juu ya koni na kwenda kusimama karibu na ua wa minyaa. Nilitoka nikakagua magurudumu. Kwenye gurudumu la mbele la kulia kulikuwa na harufu nzito, tamu kidogo, kama mapishi yaliyoungua.

Mwenye hoteli alikuwa wa kwanza kunifikia. Ana gari la bluu, na kabla sijabadilisha breki zangu hakuna aliyeukaribia muda wake wa mzunguko. "Pole, dada," akasema, huku macho yake yakiwa kwenye rimu. "Diski hizi ulizipata wapi? Nani alikufungia?"

Nilidhani ni huruma. Baadaye nikaanza kuyapima maneno yale upya.

Jumatatu nilizipeleka pedi kwa aliyeniuzia. Ni mfanyabiashara mwenye asili ya Pwani, duka lake la spea liko karibu na stendi, na Kiswahili chake hunifanya nikirekebishe changu kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Sikuwa na shaka kwamba aliniuzia bandia.

Alizipokea, akazipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Ya kulia ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Ya kushoto ilikuwa na rangi yake ya kijivu.

"Pedi hii imenyweshwa mafuta, dada yangu," akasema.

"Au mlinipa mbovu."

Hakukasirika, ingawa niliona shingo yake ikijikaza. "Zote mbili zimetoka boksi moja, na zote umezifunga siku moja. Kama ni mbovu, mbona hii ya kushoto ni nzima? Mimi nimekuuzia pedi. Mafuta sikukuuzia. Kamuulize aliyelishika gari."

Nikatoka nikiwa sijaridhika, na shuku yangu ikahamia kwa yule aliyelishika gari: fundi.

Fundi wangu anafanya kazi kwenye kiwanja cha wazi upande wa Oruba. Ni mtu wa maneno mengi, na siku ile maneno yalikuwa mengi zaidi, jambo ambalo mimi nililichukua vibaya. "Madam, hiyo si kazi yangu! Mimi nilikufungia kazi safi. Kama ni breki fluidi inavuja, hiki kikopo kingekuwa kimeshuka. Kiko vile tulikiacha, ona." Akalala chini ya gari, akatoka. "Mpira wa ekseli uko sawa, grisi haijatoka. Labda ni ile paipu mpya." Akaipangusa, akaikagua kwa tochi, akatikisa kichwa. "Si paipu. Mimi sijui."

Akafunga pedi mpya, akaisafisha diski kwa petroli. Nilisimama pale muda wote, nikitazama kila kitambaa alichogusa. Alipomaliza, akaegemea boneti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huko Homa Bay unashindana na nani?"

Swali hilo liliingia ndani ya nyumba yangu likakaa. Nilianza kukumbuka mambo. Mwenye hoteli alikuwa ameniuliza ninaegesha gari wapi nikifika. Alikuwa amesema, akicheka, kwamba cherehani imemfundisha mtu kukanyaga. Siku nyingine nilikuwa nimeona gari la bluu mjini Migori, likipita polepole karibu na duka langu. Magari ya bluu ni mengi, lakini nani angeniambia hivyo wakati ule? Nilibadilisha kufuli la geti. Nikaanza kumtazama hata jirani aliyekuwa akija kuomba maji. Mama aliniuliza mbona siku hizi nala kama mtu anayesikiliza mlango. Nikamwambia ni kazi, sare za muhula mpya.

Jumamosi iliyofuata ya mbio nilifika mapema. Njiani usukani ulikuwa umevuta tena kidogo, lakini nilijiambia ni hofu tu. Nikaegesha, nikaenda kujiandikisha kwa Mwalimu, nikarudi kuchukua helmeti. Mwenye hoteli alikuwa amepiga magoti kando ya gari langu, upande wa kulia, mkono wake umeingia kwenye mwanya wa rimu mpaka kifundo.

"Unafanya nini hapo?"

Alishtuka hadi akagonga kiwiko kwenye tairi. "Aah, dada. Natazama tu."

"Kwa mkono?"

Alisimama. Alikuwa na karatasi ya shashi, akaipangusia vidole, kisha akaikunja haraka na kuitia mfukoni. Lakini niliiona. Kwenye ile karatasi nyeupe palikuwa na doa la mafuta.

Mtu mwenye busara angeifungua rimu papo hapo. Mimi nilitaka kumkamata wazi, mbele ya wote, na nikadhani nitaenda taratibu, nijaribu breki kidogo kidogo, kisha nimwite kila mtu aone. Nikaingia uwanjani. Mzunguko wa kwanza nilienda kama ninayebeba mayai. Gari lilivuta, lakini kidogo. Wa pili nikaongeza. Mwishoni mwa kipande kilichonyooka, Mwalimu alikuwa amesimama upande wa kushoto, nyuma ya rundo la matairi, saa mkononi. Nilikanyaga kwa mazoea, kwa nguvu, mara moja, kama alivyonifundisha, na gari likageukia kwake.

Nililegeza breki. Sijui akili hiyo ilitoka wapi, kwa sababu mwili wote ulikuwa ukilia nikanyage zaidi. Nilipolegeza, usukani ukarudi mikononi mwangu, nikaupeleka kulia, gari likapita kando ya matairi likiyakwaruza, likazunguka lote na kusimama likitazama nilikotoka. Mwalimu alikuwa ameketi chini kwenye nyasi. Hakuumia. Saa ilikuwa bado mkononi mwake.

Nilitoka bila kuvua helmeti, nikamwendea mwenye hoteli moja kwa moja.

"Toa hiyo karatasi!"

"Karatasi gani?"

"Ya mfukoni. Wewe ndiye unayenimwagia mafuta. Unataka niue mtu ndiyo ubaki namba moja?"

Watu walikusanyika. Akaitoa ile shashi. Mwalimu alikuja akijipangusa nyasi, akaichukua, akainusa, akampa daktari wa mifugo naye ainuse.

"Ni mafuta," daktari akasema.

"Niliyakuta hapo!" mwenye hoteli akapaza sauti. "Naapa. Niligusa diski nikaona inateleza. Nilitaka kumwambia."

"Mbona hukuniambia?" nikauliza. "Nilikuwa nimesimama mbele yako."

Akafungua mdomo, akaufunga. Kila mtu aliona akiufunga. Mwalimu alituambia kwamba kwa siku hiyo hakuna atakayekimbia tena, na kwamba mpaka jambo hilo lijulikane, mwenye hoteli akae nyumbani. Hakubisha. Alikusanya koni alizokuwa amekuja nazo, akazipakia kwenye gari la bluu, akaondoka. Nilimtazama akienda na sikuona huruma hata chembe. Nilijisikia kama mtu aliyepata sindano iliyopotea kwenye zulia, kwa kuikanyaga.

Lakini nikiwa njiani kurudi, pedi zingine mpya zikiwa zimefungwa na fundi wa pale pale Homa Bay, wazo moja lilianza kunisumbua. Asubuhi ile usukani ulikuwa umevuta kabla sijafika uwanjani. Kabla hajaligusa gari. Basi ana mtu Migori, nikajiambia. Ana mtu anayeingia kwangu.

Ijumaa jioni kabla ya mbio za mwezi uliofuata nilisubiri Mama aingie chumbani kusali. Nilikuwa nimesaga vipande vya chaki ya kushonea mpaka vikawa unga. Gari langu huegeshwa kwenye saruji nyuma ya nyumba, ubavu wa kushoto ukiwa umebanana na ukuta, kiasi kwamba hata paka hujifikiria kabla ya kupita. Nikanyunyiza ule unga upande wa kulia, kwa chujio la chai, utando mwembamba usioonekana kirahisi. Mbele ya geti nikanyunyiza pia. Nikafunga kufuli, nikalala na funguo chini ya mto.

Kulipopambazuka nilitoka kwa mlango wa mbele, nikaenda kwanza getini. Unga ulikuwa mzima. Hakuna mguu wala gurudumu la baiskeli. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Nyayo zilikuwepo. Ndogo, nyembamba, za ndara za plastiki zenye michoro ya maua kwenye soli. Zilifika kwenye gurudumu la mbele, zikaenda la nyuma, zikarudi. Kando ya kila gurudumu palikuwa na alama mbili za duara, moja karibu na nyingine, na nilichukua muda kuelewa kwamba ni magoti. Mtu alikuwa amepiga magoti pale. Nilizifuata nyayo kwa macho. Hazikwenda ukutani. Hazikwenda getini. Zilikwenda mpaka mlango wa jikoni kwangu.

Mama alikuwa ameketi mezani, chai mbele yake. Leso aliyojifunga ilikuwa na madoa mawili ya chaki magotini.

Sisi wawili tukiwa nyumbani huongea Kijaluo; hapa nayaandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Mama, ulikuwa unafanya nini kwenye gari?"

Alinitazama, kisha akatazama leso yake, akajaribu kuipangusa. Chaki ikaenea. "Nyara," akasema, yaani binti yangu, na jinsi alivyolitamka nikajua hatanidanganya. Aliinuka, akafungua kabati la vikombe, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya zeituni. "Haya yameombewa kwenye ushirika wetu. Kila unapokwenda kule, napaka magurudumu. Mara ya kwanza ulipokwenda nilipaka, ukarudi salama. Sikuacha tena."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Upande wa ukutani siwezi kufika, lakini Mungu hana upande."

Nikaelewa yote kwa mpigo, na nikalazimika kukaa. Zamani mafuta yale yaliishia kwenye vifuniko vya plastiki vya zile rimu za bati, yakakauka na vumbi. Nyuma yaliishia juu ya chungu cha ngoma. Lakini gurudumu la mbele la kulia sasa lilikuwa wazi, na chupa ilikuwa ikiingia moja kwa moja kwenye mwanya, juu ya diski.

"Mama, ungeniua," nikasema. "Ungemuua na mtu mwingine."

Sikupaswa kulisema vile, ghafla, mtu mzima akiwa bado amesimama. Alishika ukingo wa meza. "Nilikuwa naomba usife," akasema. "Jirani alinionyesha kwenye simu. Wewe, ndani ya kile kigari, na moshi. Ningekwambia nini? Ungecheka."

Ni kweli. Ningecheka.

Nilimshika mkono, tukatoka nje, tukasimama juu ya ile chaki. Nikamwonyesha diski kupitia mwanya wa rimu, mafuta yakiwa bado yanang'aa juu yake katika mstari uliotiririka. Nikamweleza kwamba kile chuma ndicho pedi inachokibana, na kwamba kikiteleza upande mmoja, upande wa pili unashika peke yake na kulivuta gari zima. Alisikiliza akiwa ameinama, mkono mdomoni.

"Nilidhani breki iko ndani, mahali pamefichika," akasema. Kisha akauliza, "Yule mtu mliyemfukuza, ana watoto?"

Nilikuwa nimemweleza habari za mwenye hoteli kwa majigambo, wakati ule niliporudi, nikasema tu kwamba anaziharibu breki zangu, bila kutaja mafuta. Nikamwambia sijui. "Tutakwenda," akasema.

Siku ile sikwenda mbioni. Gari lilirudi kwa fundi, ambaye nilimsimulia yote, akacheka mpaka akaketi juu ya tairi. Niliyesafiri naye mwezi uliofuata alikuwa Mama, amevaa gauni lake la Jumapili. Nilikuwa nimempigia Mwalimu, nikamwomba amwite mwenye hoteli bila kumweleza sababu. Alikuja, akasimama mbali na sisi, funguo mkononi, kama mtu aliye tayari kuondoka.

Sikupata hata nafasi ya kuanza. Mama alitembea katikati ya watu, akamwendea. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini siku ile kilimtosha.

"Baba, mafuta ni mimi nilimwaga. Si wewe. Mimi nilikuwa naombea gari ya mtoto wangu. Nisamehe, na yeye pia umsamehe. Alikutukana bure."

Mwenye hoteli aliinama, akamsalimu Mama kwa mikono miwili. Halafu akanigeukia mimi, uso wake ukiwa mgumu. "Si bure kabisa," akasema. "Nilikuwa napima diski zako. Nilitaka kuweka kama hizo, na sikutaka mjue nimeiga. Ndiyo maana nilinyamaza." Akafungua kiganja kuelekea gari lake la bluu. Ndani ya rimu zake kulikuwa na diski kubwa, mpya, kama zangu.

Nilimwomba radhi mbele ya walewale waliosikia nikimtukana. Aliipokea, lakini hakunipa mkono mpaka jioni. Mimi nami, kusema kweli, kabla sijaingia uwanjani nilipiga magoti nikapitisha kidole kwenye kila diski, nikakitazama kwenye mwanga. Nilimwona ananiona. Naye zamu yake ilipofika alifanya vilevile kwenye gari lake, bila aibu.

Mwalimu alimweka Mama kwenye kiti chini ya paa la mizani ya zamani. Nilipofika mwisho wa kipande kilichonyooka nikakanyaga, na gari likasimamia pua yake likiwa limenyooka kabisa, nikaachia, nikageuza. Kila mzunguko nilimwona Mama kwa kufumba na kufumbua, amejifunika uso kwa mikono, vidole vimeachana. Mwenye hoteli alinishinda kwa muda mdogo sana. Alipotangazwa, Mama alipiga makofi kuliko wote, maana hakuwa ameelewa ni nani aliyeshinda.

Tuliporudi tulipitia ufukweni mwa ziwa pale Homa Bay tukanunua samaki, na alilala njia yote mpaka Migori, ndoo ya samaki ikiwa katikati ya miguu yake.